Ubatili wa Hoja ya Soko Dogo

Imeenea nchini Msumbiji, miongoni mwa watu wenye elimu na wenye madaraka, rai moja juu ya sinema ambayo imerudiwa mara nyingi hata ikapewa heshima ya ukweli bila ya kuulizwa burhani yake: kwamba nchi hii ni maskini, soko lake dogo, watu wenye fedha ya tiketi ni wa kuhesabika, majumba ya sinema yaliyoachwa na Mreno yamegeuka makanisa na maduka, na kwa hiyo filamu ya Msumbiji haina njia ya kushindana na filamu za mataifa mengine ila mojawapo ya mbili, ama kuwakaribisha wageni waje kupiga picha zao katika fukwe zetu kwa gharama nafuu, ama kutengeneza filamu chache za Kireno zitakazochukua tuzo katika matamasha ya Ulaya na kuirudishia nchi sifa badala ya fedha. Rai hii inashikwa na waungwana ambao sina shaka na nia yao. Lakini nia njema haijapata kuithibitisha hoja, nami nikiwa mtu wa Mocímboa da Praia, mji wa mkoa wa Cabo Delgado ambao ukipima kwa mstari ulionyoka utaona kuwa Maputo iko mbali nao zaidi ya mara tatu kuliko Dar es Salaam, naliona jambo hili kwa sura isiyoonekana kutoka katika ofisi za mji mkuu. Dai langu ni kwamba soko letu limepunguzwa na wale wale wanaolalamikia udogo wake.

Nianze na njia ya kwanza, ile ya kuwakodisha wageni mandhari. Wanaoisifu hawakosi kutaja filamu mbili za Hollywood: Ali, iliyotoka mwaka 2001, ambamo Maputo ilivishwa sura ya Kinshasa na uwanja wa Machava ukafanywa mahali pa pambano la Muhammad Ali na George Foreman, na Blood Diamond ya mwaka 2006, ambamo mji ule ule uligeuzwa Freetown ya Sierra Leone. Siku zile hoteli zilipata wageni, madereva walipata safari, na raia wengi walilipwa ujira wa kusimama nyuma ya waigizaji wakuu, hayo siyakanushi. Ila mali ya filamu, kwa mfanyabiashara anayeijua kazi yake, ni haki ya kuiuza na kuiuza tena, mwaka baada ya mwaka, katika kila jumba, kila televisheni na kila nchi, na haki hiyo haikulala Maputo hata usiku mmoja. Sisi tulipata ujira wa siku, wenyewe wakaondoka na rasilmali. Na mji wetu, ulioonekana na mamilioni ya watu duniani, haukupata hata kuitwa kwa jina lake.

Tena anayeshindana kwa unafuu hushindwa siku atakapotokea aliye nafuu kuliko yeye, au mwenye hazina kubwa ya kumrudishia mgeni sehemu ya gharama zake, kama wafanyavyo majirani zetu wa Afrika ya Kusini, ambao wana studio, mafundi na mpango wa kurudisha gharama hizo, nasi hatuna. Na mgeni mwenye fedha huondoka mara asikiapo mlio wa bunduki. Watu wa Cabo Delgado hawana haja ya kufundishwa somo hilo na mtu yeyote: baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi 2021, kampuni ya TotalEnergies iliwaondoa watu wake katika rasi ya Afungi na kuusimamisha mradi wa gesi uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 20, na wenyeji waliokuwa wameachishwa uvuvi na kilimo wakiahidiwa ajira wakabaki hawana hiki wala kile. Kama mtambo wenye thamani hiyo uliweza kuachwa kwa muda wa miaka, sijui ni kitu gani kitakachomzuia mtengenezaji wa filamu wa Los Angeles, ambaye mali yake yote imo katika masanduku ya kamera, asipande ndege alasiri ile ile.

Njia ya pili ni ya heshima zaidi, nami sitaisema kwa dharau. Licínio Azevedo, Mbrazili wa kuzaliwa aliyeifanya Msumbiji kuwa makao na maudhui ya kazi yake, alitoa mwaka 2016 filamu ya Comboio de Sal e Açúcar, inayosimulia safari ya gari la moshi kaskazini mwa nchi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na filamu hiyo ikaonyeshwa katika tamasha la Locarno na kupelekwa kuwania Oscar kwa jina la Msumbiji. Mickey Fonseca alitoa Resgate mwaka 2019, na mwezi wa Julai 2020 ikapokewa na Netflix, ya kwanza kutoka Msumbiji kuingia huko. Hizo ni kazi za ustadi na wenyewe wanastahili pongezi. Lakini wapo waliosema siku ile kwamba sasa filamu ya Msumbiji imekwisha ingia sokoni, na hao ndio ninaobishana nao. Maana mwezi uliofuata, Agosti 2020, Mocímboa da Praia iliangukia mikononi mwa waasi, ikakaa katika milki yao mwaka mzima hadi majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yalipoikomboa tarehe 8 Agosti 2021, na watu wa kaskazini waliokuwa wakikimbia kwa miguu na kwa mashua walikuwa mbali na Netflix, kwa fedha, kwa intaneti na kwa lugha, sawa na walivyokuwa mbali na Locarno. Hata kabla ya vita mambo hayakuwa tofauti sana. Sitaki kumlaumu mtengenezaji wa filamu kwa maafa ya vita. Nasema tu kwamba filamu ambayo raia wa nchi hawakuwa na njia ya kuinunua haiwezi kuhesabiwa kuwa imeliteka soko la nchi hiyo, hata ikipewa nishani ngapi.

Basi soko ni nini? Mwenye kushika rai ninayoipinga huhesabu viti vya majumba yaliyobaki, akazidisha kwa bei ya tiketi, akapata jumla ya kusikitisha, kisha akafunga daftari. Hesabu hiyo ina kosa katika mstari wake wa kwanza, kwa kuwa mtu hanunui kiti. Hununua hadithi anayoifahamu. Sensa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba wenye Kireno kuwa lugha yao ya kwanza ni chini ya mtu mmoja katika kila watu watano wa Msumbiji. Wapo wengi wengine wanaokijua kama lugha ya pili, hasa mijini, nami ni mmoja wao; lakini kukijua Kireno cha kuombea cheti ofisini ni jambo moja, na kucheka kwa Kireno, kulia kwa Kireno, na kulipa fedha ya jasho ili kuchekeshwa na kulizwa kwa Kireno ni jambo jingine. Mtu anayetengeneza bidhaa yake kwa lugha hiyo peke yake amekwisha lifungia mlango kundi kubwa la wanunuzi kabla ya kuwasha kamera, na akitoka nje akakuta wateja wachache, itakuwaje aulaumu umaskini wao?

Hapa kwetu pwani watu husema Kimwani nyumbani, Kimakonde na Kimakua sokoni na mashambani, na Kiswahili kwa kila anayetoka ng'ambo ya Ruvuma au kwenda huko. Kabla ya vita kijana wa mtaa wetu wa Nanduadua aliyetaka kutazama filamu jioni hakungoja itoke Maputo. Alitazama ya Dar es Salaam, au ya Nigeria au ya Hong Kong iliyokwisha tiwa sauti ya Kiswahili na mfasiri mmoja anayeigiza wote, mume, mke, jambazi na polisi, na kuongeza mzaha wake mwenyewe pale mwandishi wa asili alipokosa. Diski hizo zilivuka mto pamoja na vitenge, sabuni na betri, na hazikuletwa na wizara yoyote. Mpaka wa Ruvuma ulikatwa na Wareno na Wajerumani katika karne ya 19 bila ya kutuuliza, na hata walipokwisha kuukata walibaki wakigombania pembe ya Kionga hadi mwaka 1916. Wafanyabiashara wa pwani waliuheshimu mpaka huo kwa kadiri askari wa forodha alivyokuwa macho. Basi ikiwa filamu ya Dar es Salaam yaweza kushuka kusini hadi kwetu bila ya ruzuku, bila ya mkataba wa serikali na bila ya tuzo, ni kitu gani kinachoizuia filamu ya Mocímboa, au ya Pemba, au ya Ibo, isipande kaskazini hadi Mtwara, Lindi, Kilwa, Unguja, Mombasa na Lamu? Kinachoizuia ni kwamba haijatengenezwa. Soko la Kiswahili lina watu ambao makadirio yanayotajwa sana huwafikisha milioni 200, na Jumuiya ya SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019. Mtu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado yumo ndani ya soko hilo tangu kuzaliwa, na bado huambiwa kwamba nchi yake haina wanunuzi.

Tuangalie waliofaulu. Nigeria haikuanza na majumba makubwa wala na fedha ya hazina. Ilianza na Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki na kanda, ambaye mwaka 1992 alitoa Living in Bondage, hadithi ya mtu anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, akaiuza katika kanda za video moja kwa moja majumbani. Na filamu hiyo, ambayo huhesabiwa kuwa chimbuko la Nollywood, haikuwa ya Kiingereza, lugha ya serikali. Ilikuwa ya Kiigbo. Miaka 14 baadaye, kwa hesabu ya UNESCO ya mwaka 2006, India ilitoa filamu 1,091, Nigeria 872 na Marekani 485. Najua filamu nyingi katika zile 872 zilitengenezwa kwa haraka na sauti zake zilikwaruza masikio. Sizungumzi juu ya uzuri, nazungumza juu ya ushindani, na kwa ushindani nchi iliyokuwa haina kitu iliipita Hollywood kwa idadi kwa sababu ilimfuata mteja nyumbani kwake na kusema naye kwa lugha yake. Kano, kaskazini mwa Nigeria, nako filamu za Kihausa zinatazamwa Niger na Kameruni na popote alipo Mhausa, wala hakuna anayemwuliza mtazamaji paspoti. Mfano huo watu wa Ruvuma wanauelewa bila ya mfasiri.

Wageni wenyewe wamekwisha ugundua utajiri huu wa Kiswahili tunaoupuuza. Katika miaka ya 1930 Waingereza walifanya majaribio ya sinema ya mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, wakazizungusha filamu zao vijijini kwa lugha za wenyeji. Na mwaka 1952 katika Tanganyika ikatengenezwa Muhogo Mchungu, ambayo mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Mkoloni hakuwa na mapenzi ya pekee na Kiswahili. Alikuwa na ujumbe wa kuuza, akatafuta chombo cha kuuchukua. Karibu miaka 60 baadaye Wachina walifanya vivyo hivyo: tamthilia yao ya ndoa na mama wakwe, iliyotiwa sauti ya Kiswahili na kuonyeshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania mwaka 2011, ilipendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam ya Machi 2013. Televisheni ya Azam ya Tanzania nayo huleta tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili fasaha, na mabibi wa pwani wanazijua fitina za jumba la Sultani Suleiman kuliko wanavyozijua habari za Maputo. Wachina wameona kwamba kuna soko, Waturuki wameona, Waingereza waliona tangu zamani. Ni sisi, wenye lugha, tunaoambiana katika semina kwamba soko ni dogo.

Nitajibiwa kwamba Bongo Movie, yaani sinema ya Tanzania, yenyewe imeporomoka, na kwamba anayetuita tuifuate atuita kaburini. Jibu hili ndilo zito kuliko yote, na halifai kupitwa mbio. Ni kweli: tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, na baada ya mwigizaji Steven Kanumba kupanda hadi kuigiza pamoja na Wanigeria katika Dar 2 Lagos ya mwaka 2006, Dar es Salaam ilizitoa filamu kwa wingi, Kanumba akafa Aprili 2012, akazikwa na umati usiohesabika, na baada ya hapo biashara ile ikazidi kudhoofu, hata Aprili 2017 waigizaji wakaandamana kuelekea Kariakoo wakizilaumu filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya chini bila ya kulipiwa kodi. Mimi nasema waliandamana dhidi ya mkosaji asiye mkuu. Filamu zile ziliuzwa kwa wasambazaji wachache kwa malipo ya mara moja, mwenye kazi akaachia haki yake yote, kwa hiyo hata ilipopendwa hakupata fedha ya kuifanya ya pili iwe bora. Hadithi moja ikakatwa sehemu mbili ili iuzwe mara mbili. Wezi wa nakala wakamaliza yaliyobaki. Hayo ni maradhi ya milki na ya mikataba. Watazamaji hawakuondoka: walipochoshwa na kazi ya haraka walikaa pale pale, katika lugha ile ile, wakatazama za Kituruki. Mtu akikuonyesha duka lililofilisika na mbele yake foleni ya wanunuzi wanaoingia duka la jirani, hawezi kukuambia kwamba mtaa ule hauna wanunuzi.

Iko hoja nyingine ambayo haisemwi waziwazi katika semina, lakini husemwa. Frelimo, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuwafunza wapiganaji wake Nachingwea, ambako Kiswahili kilisikika kambini mchana na usiku, kilichagua Kireno kiwe lugha ya umoja wa taifa, na kutokana na uchaguzi huo pakazuka dhana kwamba filamu ya lugha ya wenyeji ni mlango wa ukabila, na kwamba Kiswahili hasa ni lugha ya kigeni. Rais Joaquim Chissano aliihutubia Afrika kwa Kiswahili mbele ya wakuu wa nchi mjini Addis Ababa mwaka 2004, na wakalimani wakahangaika. Hakuna aliyesema siku ile kwamba Rais wa Msumbiji ameacha uraia wake. Lakini tangu mji wetu uliposhambuliwa usiku wa Oktoba 2017, wako wanaomtazama msemaji wa Kiswahili kwa jicho la shaka. Hao ningependa wakumbuke kwamba waasi waliposambaza picha zao za video mwaka 2020 hawakusita kusema na watu wa pwani kwa lugha za pwani. Wao walijua msikilizaji wao yuko wapi, na hawakumkuta anatazama filamu yoyote ya Msumbiji, kwa sababu hapakuwa na filamu ya Msumbiji iliyosema naye.

Wala si kweli kwamba hatuna msingi wa nyumbani. Mara baada ya uhuru wa mwaka 1975 dola iliunda Taasisi ya Taifa ya Sinema, ikatoa habari za sinema zilizoitwa Kuxa Kanema na kuzipeleka vijijini kwa magari, mpaka vita, ufukara na moto ulioiunguza taasisi mwaka 1991 vikaizima kazi ile. Wanaoibeza leo kwa kuwa ilikuwa sinema ya propaganda wasahau kwanza hilo, watazame njia ya usambazaji: ilimfuata mtazamaji aliko. Na filamu ndefu ya kwanza ya nchi huru, Mueda, Memória e Massacre ya Ruy Guerra, ya mwaka 1979, ilipigwa katika nyanda za juu ambazo barabara yake ya baharini hushukia kwetu. Waigizaji wake walikuwa wenyeji wa Mueda wakiigiza wenyewe, kama walivyozoea kila mwaka, mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, wengine wakivaa sura ya Wareno kwa kejeli iliyowafanya majirani zao wacheke mbele ya msiba. Watu wenye ngoma ya mapiko, watu wanaoweza kuyageuza mauaji ya wazee wao kuwa mchezo wa kuwafundisha watoto, hawakosi hadithi wala waigizaji. Wanachokosa ni mtu wa kuichukua kazi yao kuwa bidhaa.

Serikali ina nafasi yake, nami si katika wanaosema soko liachwe lijiendeshe. Ufaransa tangu miaka ya 1940 hukata sehemu ya bei ya kila tiketi, leo takriban asilimia 11, hata tiketi ya filamu ya Marekani, ikawapa watengenezaji wake. Korea ya Kusini huyalazimisha majumba yake yaonyeshe filamu za nyumbani siku 73 kwa mwaka. Lakini sheria za Paris na Seoul hazituvalii, maana sisi hatuna tiketi za kukata wala majumba ya kulazimisha. Msumbiji ina Sheria ya Sinema ya mwaka 2017, na ina taasisi ya viwanda vya utamaduni. Basi fedha ya umma, hata ikiwa kidogo, ipewe masharti mawili. La kwanza, kila filamu itakayoipokea itiwe sauti ya lugha za watu, Kimakua kwa Nampula, Kisena kwa Zambezi, Kichangana kwa kusini, na Kiswahili kwa kaskazini na kwa mauzo ya nje. Gharama ya kutia sauti ni sehemu ndogo mno ya gharama ya kupiga picha. La pili, haki ya filamu isiuzwe jumla kwa msambazaji mmoja, bali ikodishwe kwa muda na kwa nchi, ili mwenye kazi abaki na cha kuuza kesho.

Kwa vijana wa Mocímboa waliorudi tangu mwaka 2022, ambao wana simu zinazopiga picha safi kuliko kamera alizokuwa nazo Nnebue, neno langu ni jepesi kulisema. Msingoje Maputo iwaite, wala msiandike hadithi zenu kwa ajili ya mwamuzi wa Lisbon. Pigeni filamu moja ya kweli juu ya mji wetu, kwa Kimwani na Kiswahili, iandikisheni kwa majina yenu, na kabla ya kuipeleka tamasha lolote la Ulaya ipelekeni Mtwara mkaiuze.